Gari Lilale Kituoni

Askari waliomkamata dereva yule walifanya kazi yao kama walivyofundishwa. Ilikuwa Julai 2000, kusini mwa jimbo la New Jersey, Marekani. Walimsimamisha, wakamfikisha kituoni, wakampima. Kipimo kikasoma kilevi cha asilimia 0.21 katika damu, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha jimbo hilo wakati ule, ambacho kilikuwa 0.10. Wakamwandikia hati ya kumtaka afike mahakamani. Kisha, kwa kuwa sheria haikuwadai lolote zaidi, akaitwa rafiki yake aje kumchukua.

Rafiki akaja, akamchukua, lakini hakumpeleka nyumbani kulala. Alimrudisha mpaka pale gari lilipoachwa. Usiku huohuo gari hilo liligongana na gari la John Elliott, kijana wa miaka 22 aliyekuwa amehitimu chuo cha jeshi la majini cha Annapolis miezi miwili tu kabla, na sasa alikuwa njiani kwenda kwao kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mama yake. Elliott alikufa. Dereva mlevi naye alikufa. Msichana aliyekuwa ndani ya gari la Elliott aliumia vibaya, akapona.

Walevi huua watu barabarani kila wiki katika kila nchi yenye barabara, na wengi wao hawajawahi kukutana na polisi usiku ule. Huyu alikuwa amekutana nao. Dola ilikuwa imemtia mkononi, imempima, imeiandika namba yake kwenye fomu, ikajua kwa ushahidi wa mashine kwamba hafai kushika usukani. Halafu ikamfungulia mlango. Ndiyo maana kifo cha Elliott kiliwauma wabunge kuliko vifo vingine vya aina yake: kukizuia hakukuhitaji askari zaidi barabarani wala adhabu kali zaidi. Kulihitaji mtu mmoja tu abaki kituoni, au gari lake libaki, mpaka kesho.

Tuliangalie hilo pengo lilivyotokea, maana si uzembe wa kituo kimoja. Mfumo wa kumwachia mtuhumiwa kabla ya kesi, kwa dhamana au kwa ahadi tu, ulijengwa kujibu swali moja: je, mtu huyu atafika mahakamani siku ya kesi? Kwa hiyo anaulizwa anakaa wapi, anafanya kazi gani, ana familia, nani atamdhamini. Dereva mlevi kwa kawaida anajibu vizuri kuliko watuhumiwa wengine wote waliokaa kwenye benchi. Ana gari, maana yake ana kipato. Ana nyumba, ana mke au mume, ana rafiki mwenye simu. Kule New Jersey, tena, kuendesha ukiwa umelewa huhesabiwa kuwa kosa la usalama barabarani, si jinai, hivyo hapakuwa hata na sababu ya kufikiria kumweka ndani. Majibu yote hayo yanahusu mwezi ujao. Hakuna hata moja linalohusu saa tatu zijazo, na saa tatu zijazo ndizo zenye hatari.

Wazazi wa marehemu, Bill na Muriel Elliott, walianzisha kampeni ya kuhimiza kila kundi linalokwenda kunywa liwe na dereva wake asiyeonja, na wakalisukuma bunge la jimbo lao. Mwaka 2001 ikapitishwa sheria ambayo watu huiita Sheria ya John. Ina mambo mawili ambayo ukiyasoma juu juu utayaona madogo. La kwanza: anapokamatwa dereva mlevi, gari lake linazuiwa kwa saa 12 tangu akamatwe. Kabla ya hapo litatolewa tu kwa mtu mwingine, ama mwenye gari ambaye si huyo aliyekamatwa, ama mtu aliyepewa ruhusa na mwenye gari aliyekamatwa, na huyo aonyeshe leseni hai na awe hajalewa. Hapo wamemfikiria mke anayehitaji gari la familia kwenda kazini alfajiri. Hakukosa kitu, hapaswi kuadhibiwa. La pili: anayeitwa kumchukua mlevi anapewa karatasi. Inamweleza kwamba akimwezesha mtu huyo kuendesha angali amelewa, anaweza kushtakiwa na anaweza kudaiwa fidia. Anatia saini kwamba ameipokea. Akikataa kutia saini, polisi wanaandika kwamba alipewa akakataa.

Miaka michache baadaye wakaongeza la tatu, linalomgusa mtu mwenyewe. Halmashauri za miji ziliruhusiwa kutunga kanuni za kumzuia mlevi kituoni kwa usalama wake na wa wengine, hadi kilevi kishuke chini ya 0.05 na asiwe tena chini ya ulevi wa pombe wala dawa. Lakini asizuiwe zaidi ya saa nane bila kusikilizwa. Na polisi wanaweza kumwachia mapema kwa sababu ya umri wake, afya yake au usalama wake, mradi kufanya hivyo kusihatarishe umma.

Sasa tupige hesabu, maana wanasheria walioandika vifungu hivi walipaswa kuipiga na sina hakika wote waliipiga.

Ini la mtu mzima husafisha kilevi kwa mwendo wa takriban 0.015 kwa saa. Wapo wanaokwenda taratibu zaidi, 0.010, na wapo wanaofika 0.020 au kupita kidogo, hasa wanywaji wa siku nyingi. Kahawa chungu haiongezi mwendo huo. Wala maji ya baridi kichwani, supu ya mifupa, ndimu, kutapika au kukimbia kuzunguka kituo. Mlevi aliyekunywa kahawa ni mlevi aliye macho. Chukua basi mtu aliyekamatwa saa sita usiku akiwa na 0.21 kama yule wa New Jersey, na tuseme kilevi chake kimeshaanza kushuka. Saa mbili asubuhi, baada ya zile saa nane, bado ana 0.09: juu ya kikomo cha 0.08 ambacho New Jersey inakitumia tangu 2004. Atafika 0.05 karibu saa tano kasorobo. Saa sita mchana, gari linapofunguliwa, ana 0.03.

Kwa maneno mengine, saa 12 za gari zinaafikiana na mwili wa binadamu. Saa nane za mtu haziafikiani nao, angalau kwa walevi wazito, ambao ndio hasa tunaowaogopa. Anayetoka kwa miguu saa mbili asubuhi hana cha kuendesha mpaka adhuhuri. Ndiyo sababu naona kipengele cha gari ndicho chenye akili kuliko vyote. Gari halina haki ya kusikilizwa, halishikwi na kiharusi sero, halina wakili. Kulifunga kwa nusu siku ni usumbufu na gharama ya kulivuta hadi yadi. Kumfunga mtu ni jambo jingine kabisa.

Yapo mengine mawili kuhusu hesabu hiyo ambayo kaunta ya polisi hailazimiki kuyajua lakini mtunga sheria analazimika. Mtu aliyemaliza glasi ya mwisho dakika chache kabla ya kukamatwa bado anapanda. Pombe iliyo tumboni haijaingia yote katika damu, na kilele kinaweza kufika nusu saa hadi saa moja na nusu baadaye. Anaweza kuwa mlevi zaidi wakati wa kuachiwa kuliko wakati wa kukamatwa. La pili liligunduliwa na daktari Mwingereza, Edward Mellanby, mwaka 1919, katika majaribio yake kwa mbwa: kwa kiwango kilekile cha pombe katika damu, ulevi huonekana mkubwa zaidi kinapopanda kuliko kinaposhuka. Majaribio ya baadaye kwa watu yakaonyesha kwamba anayeshuka hujihisi ameshapata nafuu hata kama uwezo wake wa kuendesha haujarudi. Basi yule anayesimama kaunta saa tisa usiku na kusema, “Afande, mimi sasa niko sawa,” mara nyingi hasemi uongo. Anasema anavyojisikia. Sheria nzuri haimuulizi anajisikiaje.

Majimbo mengine ya Marekani yamejaribu njia zao. Wisconsin inasema dereva mlevi asiachiwe mpaka zipite saa 12 tangu akamatwe au kipimo kionyeshe chini ya 0.04. Ukifika hapo unasema hawa wamemaliza kazi. Ukiendelea kusoma sentensi ileile unakuta kwamba anaweza kuachiwa wakati wowote mikononi mwa wakili wake, mwenzi wake, ndugu yake au mtu mzima yeyote mwenye kuaminika. Mlango wa mbele umefungwa kwa komeo, wa uani uko wazi, na ni mlango uleule wa uani aliopitia mlevi wa New Jersey.

North Carolina wameshughulika zaidi na nani anaamua. Huko, mtu akifikishwa mbele ya ofisa wa mahakama baada ya kukamatwa, ofisa huyo huangalia kama upo ushahidi ulio wazi kwamba kumwachia kutahatarisha watu au mali. Akiona hivyo, ni lazima amzuie. Kuzuiwa kunakwisha pale anapolevuka kiasi cha kutokuwa hatari, au anapotokea mtu mzima, asiyelewa, aliye tayari na mwenye uwezo wa kubeba jukumu hilo mpaka mwenzake alevuke. Hata hivyo muda huo hauzidi saa 24. Kilevi kikiwa chini ya 0.05, na kama hakuna dalili ya dawa nyingine, ofisa hana hiari: lazima amhesabu kuwa amelevuka.

Jimbo hilohilo ndilo lililoonyesha upande wa pili wa sarafu. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya North Carolina ilifuta mashtaka ya ulevi dhidi ya madereva watatu. Haikusema kwamba hawakulewa. Ilisema kwamba waliwekwa ndani bila kuelezwa ipasavyo haki yao ya kuachiwa, huku ndugu na marafiki waliokuwa tayari kuja wakizuiwa kuwaona. Na kesi ya ulevi ina sifa ya ajabu: ushahidi wake unayeyuka saa kwa saa. Rafiki ambaye angekuja kituoni saa saba usiku angeweza kusimama kizimbani na kusema, nilimwona, alitembea vizuri, aliongea vizuri. Akizuiwa mpaka asubuhi, ushahidi huo haupo tena, na hakuna mashine itakayourudisha. Wanaotaka kila mlevi afungiwe bila kuonana na mtu mpaka jua lichomoze waisome hukumu hiyo kwanza. Kumzuia mtu asiendeshe hakumaanishi kumzuia asionwe.

Waingereza wana kifungu ambacho kwa maoni yangu kimeandikwa vizuri kuliko vyote, cha 10 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988. Polisi anaweza kumzuia aliyetoa kipimo mpaka aone kwamba, lau mtu huyo angeshika usukani saa ileile, asingekuwa anatenda kosa. Hakuna saa zilizotajwa. Kipimo ni hali yake. Lakini asizuiwe kabisa ikiwa ni dhahiri hakuna uwezekano wa kuendesha: gari limeharibika, limechukuliwa, au yeye anasindikizwa nyumbani kwa teksi na funguo zimebaki. Na ikiwa kinachotiliwa shaka ni dawa, polisi lazima amuulize mtaalamu wa tiba na afuate ushauri wake. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu bangi, mirungi na vidonge vya usingizi havina hesabu ya 0.015 kwa saa. Hapo namba zinaisha, anahitajika mtu anayejua kumtazama mgonjwa.

Kifungu hicho kina matokeo ya kuchekesha kidogo mpakani. Uskoti ilishusha kikomo chake Desemba 2014 hadi maikrogramu 22 katika mililita 100 za pumzi, huku Uingereza yenyewe ikibaki na 35. Kilevi katika pumzi hupungua kwa karibu maikrogramu sita na nusu kwa saa. Kwa hiyo mlevi huyohuyo, mwenye kipimo kilekile, atakaa kituoni takriban saa mbili zaidi akikamatwa kaskazini ya mpaka.

Na huko ndani anakaaje? Hili vitabu vya sheria hulipita haraka, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Anayenuka pombe na kulala fofofo anaweza kuwa amelewa tu. Anaweza pia kuwa amepasuka mshipa kichwani pale gari lilipogonga nguzo, au sukari yake imeshuka, au amemeza kitu kingine. Kanuni za polisi wa Uingereza na Wales zinaagiza mtu wa namna hiyo atembelewe na kuamshwa kila nusu saa. Si kuchunguliwa dirishani, kuamshwa. Askari anaingia, anamwita jina, anamtikisa. Anamuuliza: Unaitwa nani? Unakaa wapi? Unadhani uko wapi sasa? Kisha anamwamuru: fumbua macho, inua mkono mmoja, inua wa pili. Asipoweza, anaitwa daktari au gari la wagonjwa. Kwa zamu ya usiku yenye askari wawili na walevi watano, hiyo ni kazi ya kukesha kweli. Sheria inayosema “azuiliwe mpaka alevuke” bila kusema nani atamwamsha saa tisa na nusu imehamisha hatari kutoka barabarani kuileta sero.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii inajulikana kwa sura nyingine. Tanzania ina kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kenya ilileta kanuni za kipimo cha pumzi mwaka 2011, kile kifaa ambacho kila mtu Nairobi anakiita alcoblow, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaona kanuni hizo zimekwenda mbali kuliko sheria mama inavyoruhusu. Mjadala wote ulikuwa juu ya kumkamata na kumtia hatiani. Juu ya kumwachia, wachache walisema kitu. Katiba ya Kenya, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na inampa haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi. Saa 24 zinatosha karibu mlevi yeyote kulevuka. Ni nani basi anayezikatisha?

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kituo usiku wa Jumamosi anawajua. Anaingia shemeji, amevaa kanzu au koti juu ya nguo za kulalia, nyuma yake kaka mkubwa na rafiki waliyekuwa wanakunywa pamoja. “Shikamoo afande. Tumekuja kwa ajili ya mtu wetu.” Wanaahidi kila kitu: atakuja kesho, atalipa, ni baba wa watoto, ni mtu wa heshima mtaani. Na wanachosema ni kweli, watu hawa hawakimbii. Afande anachukua kitambulisho cha mdhamini, anaandika kwenye kitabu, anarudisha pochi, simu, mkanda. Halafu anarudisha funguo za gari, kwa sababu ni mali ya mtuhumiwa na mali ya mtuhumiwa hurudishwa. Ukoo umemdhamini kwa kesho. Kwa usiku huu hakuna aliyeulizwa, hata yule rafiki kama yeye mwenyewe anaweza kutembea kwenye mstari.

Simlaumu ndugu anayekuja kumtoa ndugu yake. Ningekuja na mimi. Ninachokataa ni serikali kuuegemea undugu huo mahali ambapo unajulikana kuwa dhaifu. Shemeji hawezi kumnyang'anya funguo mtu aliyemzidi umri mbele ya watu. Mdogo hamwamrishi kaka. Mfanyakazi hamzuii bosi aliyemwita aje kumchukua. Karatasi ya New Jersey inamtisha mdhamini kwa kesi ambayo ni ngumu kushinda: rafiki yule wa Julai 2000 alishtakiwa, na jopo la raia halikumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kufunga gari yadini hakumtegemei mtu yeyote kuwa na ujasiri.

Kwa hiyo anayeandika sheria ya namna hii Dodoma, Nairobi au Kampala angeanza na gari, alizuie kwa saa 12 bila hiari ya ofisa wa zamu wala simu kutoka juu, na aweke mlango kwa mmiliki mwingine aliye mzima na mwenye leseni. Mtu amwachie aende na ndugu zake kama hali yake ya afya inaruhusu, na asiyekuwa na wa kumchukua akae, aamshwe kila nusu saa, aruhusiwe kuonwa. Ni maneno ya ukurasa mmoja. Hayahitaji mashine mpya.

Mpaka yaandikwe, kazi ni yako wewe utakayepigiwa simu usiku. Kabla hujatia saini kitabu cha dhamana, muulize afande funguo ziko wapi, uzichukue wewe. Usipitie gari lilipo “kuchukua tu simu.” Mpeleke kwako kama gari liko kwake. Mtalifuata kesho, baada ya chakula cha mchana.